Injini Ikitoka Kufumuliwa, Usiipeleke Mbugani Siku Hiyo Hiyo

Leo naweka pembeni mbegu na mbolea, nizungumzie mashine. Vuli ikikaribia huku kwetu Mwanza, kila mwenye trekta, pawatila au pampu anakimbilia kwa fundi. Injini inafumuliwa, inafungwa vipya, na kesho yake iko shambani. Mimi naona hapo ndipo tunapotupa hela, na wa kulaumiwa mara nyingi ni sisi wenye mali.

Nianze na langu. Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu wawili tulinunua trekta kuukuu tulimie watu mpunga. Tukabadilisha pistoni, ringi na kemshafti, yaani lile shafti lenye manundu linalosukuma tapeti ili valvu zifunguke. Fundi akaiwasha, ikanguruma vizuri. Tukaiacha sailensi karibu saa mbili "ijizoeshe", sisi tukaenda kula. Asubuhi tukaipeleka kwenye udongo wa mbuga na plau. Wiki ya tatu ikaanza kugonga tak tak tak, nguvu ikapungua, moshi mweusi. Kufungua, manundu mawili yamelika. Wateja walikuwa wameshalipa kianzio, mvua inanyesha. Tulirudisha hela za watu, na msimu ukatupita.

Kosa letu lilikuwa nini? Ni ile sailensi. Katika injini nyingi za aina hii, manundu ya kemshafti hupata oili inayorushwa na krankshafti inapozunguka. Ikizunguka polepole, inarusha oili kidogo. Na nundu jipya na tapeti mpya bado havijakubaliana: vinasuguana kwenye sehemu ndogo sana, chini ya springi yenye nguvu. Vikikosa oili hapo mwanzoni, chuma kinakula chuma, na kikishaanza hakirudi nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya kumlipa fundi hela ya mwisho, simama naye na mhakikishe haya:

1. Kemshafti mpya inafungwa na tapeti mpya. Ukirudisha kemshafti ya zamani, kila tapeti irudi kwenye nundu lake.

2. Manundu na sura za tapeti vipakwe ule mlainisho mzito wa kufungia injini, siyo oili ya kupitisha kidole tu.

3. Oili iwe mpya na ya daraja linalotakiwa. Filta ikiwa inakaa wima, ijazwe oili kabla ya kufungwa. Maji yawe kwenye rejeta, na hewa itolewe kwenye njia ya dizeli. Unataka iwake mapema. Ukipiga stata muda mrefu, ule mlainisho unakwanguliwa kabla oili haijafika.

4. Ikiwaka, angalia presha ya oili, kisha ipandishe mara moja kwenye mzunguko wa kati. Kwa trekta ya dizeli ni kama 1,500 kwa dakika. Ibaki huko dakika 20 hadi 30, ukipandisha na kushusha kidogo kidogo. Ikipata joto kupita kiasi au ikivuja, zima, rekebisha, halafu endelea. Kitabu cha injini yako kikisema vingine, fuata kitabu.

5. Mwaga oili hiyo, badilisha filta, kisha pima nafasi za valvu. Valvu moja ikionyesha nafasi inazidi kukua kila ukipima, nundu lake linalika. Afadhali ujue ukiwa gereji kuliko katikati ya jaruba.

Baada ya hapo ipe kazi ya wastani. Usiibembeleze bila mzigo, maana ringi nazo zinahitaji mzigo ili zikae. Lakini usianze na mbuga. Anza na haro kwenye ardhi ya luseni, au tela lenye nusu mzigo. Wenye pampu ndogo kama Honda GX160, kiwanda kinataka oili ya kwanza ibadilishwe baada ya mwezi 1 au saa 20 za kazi, kisha kila miezi 6 au saa 100. Wangapi tunafanya hivyo na nyanya zetu za pembeni ya ziwa?

Najua utaniambia, "Bwana shamba, mvua haisubiri." Kweli. Ila nusu saa ya gereji na siku mbili tatu za kazi nyepesi ni ndogo kuliko wiki mbili za kutafuta spea huku jirani analima.

Kuna vijana pia wananiuliza kuhusu kemshafti za "kuongeza nguvu". Zile za mashindano huleta nguvu kwenye mizunguko ya juu, na huku chini injini inalegea. Trekta inavuta plau kwa mzunguko wa chini na wa kati. Utalipia nguvu usiyoweza kuitumia. Baki na ya kiwanda.

Fundi anafunga injini, ila mwenye mali ndiye anayeikuza au kuiua. Mkulima wa biashara aandike saa za injini kwenye daftari kama anavyoandika magunia. Msimu huu, kabla hujasema "twende shamba", uliza kwanza: nusu saa yake imeshapita?