Kalenga na Utengule ni Zetu Sote

Katika mikutano ya matawi huzuka neno moja ambalo viongozi wengi hulikimbia. Mzee husimama, akaanza kueleza jinsi babu zake walivyochomewa mji na babu za watu wa ng'ambo ya mto. Mara mwenyekiti humkatiza: "Hayo ni mambo ya ukabila, mzee wangu, tuendelee na ajenda." Wajumbe hupiga makofi, mzee huketi, na ajenda huendelea.

Mwenyekiti huyo ana nia njema, lakini mimi nasema amekosea. Mzee yule hakutaka vita. Alitaka historia ya nyumbani kwake ijulikane, nasi tumemnyamazisha kwa jina la umoja.

Tuchukue Usangu na Uhehe. Katikati ya karne ya 19 Wasangu ndio waliokuwa na nguvu katika nyanda za kusini, na majeshi yao yaliwatia hofu majirani wote. Wahehe wakati ule walikuwa bado wamegawanyika chini ya watawala wadogo wadogo. Walijifunza kwa kupigwa. Wakajifunza kwa Wasangu hao hao namna ya kupanga majeshi, na alipotokea Munyigumba akawaunganisha, mkuki uligeuka upande wa pili. Wasangu walifukuzwa katika mji wao wa Utengule. Merere na watu wake wakahamia Usafwa, wakajenga boma jingine, nalo likachukua jina lile lile la Utengule. Msomaji alitafakari jambo hilo: watu wamepoteza mji, mashamba na makaburi, kitu pekee walichoweza kubeba ni jina.

Munyigumba alifariki karibu na mwaka 1879, na baada ya ugomvi wa urithi akashika Mkwawa mwanawe. Wakati huo huo kulikuwa na vita vikali na Wangoni, tangu 1878 mpaka 1882, mpaka pande zote mbili zikachoka zikafanya amani. Kisha Mkwawa akajenga Kalenga, kando ya Ruaha Ndogo, akauzungushia mji ukuta imara. Neno lenyewe Iringa, wasemavyo wenyeji, limetokana na neno la Kihehe "lilinga", yaani ngome.

Sehemu inayofuata kila mtoto wa shule anaijua. Tarehe 17 Agosti, 1891, huko Lugalo, Wahehe walimwua Zelewski na kuliangamiza jeshi lake. Tarehe 30 Oktoba, 1894, Wajerumani chini ya Gavana von Schele waliipiga Kalenga kwa mizinga wakaiteka. Mkwawa akapigana porini miaka karibu minne, mpaka tarehe 19 Julai, 1898, alipojipiga risasi asishikwe. Hata baada ya kufa hakuachwa: kichwa chake kilikatwa.

Ila kuna sehemu ambayo wengi hatukufundishwa. Katika chuo cha ualimu nilichosoma tulikariri tarehe ya Lugalo mpaka tukaiota, lakini jina la Utengule sikulisikia hata mara moja. Na bila Utengule, habari za Kalenga hazieleweki. Merere alifanya urafiki na Wajerumani. Kwa nini? Je, alikuwa msaliti wa Afrika? Afrika gani aliyoijua yeye, zaidi ya ile iliyomfukuza nyumbani kwa baba yake? Mgeni mwenye bunduki alipofika, Merere alimwona kama njia ya kurudi kwao. Na kweli, Kalenga ilipokwisha kuanguka, Wasangu walirudi Usangu, lakini walirudi chini ya bendera ya Mjerumani. Mwaka 1898 ilipoanza kodi ya nyumba, mtoza kodi hakuuliza nani alikuwa adui wa Mkwawa na nani alikuwa rafiki wa serikali. Hata Mpangile, ndugu yake Mkwawa mwenyewe, aliyetawazwa na Wajerumani, walimnyonga mwaka 1897. Hiyo ndiyo faida aliyoipata.

Hivyo ndivyo mabeberu walivyotutawala. Hawakuzipanda wao chuki zote, kama tupendavyo kusema majukwaani. Nyingine walizikuta zimekwisha kuota, wakazimwagilia maji. Nasema hivi nikijua kwamba baadhi ya ndugu zangu katika Chama hawatapenda. Lakini tukisema kwamba kabla ya mkoloni tuliishi kama malaika, mzee wa Utengule atacheka, na kijana hatatuamini tena hata tukisema jambo la kweli.

Tabora ni hivyo hivyo. Mwaka 1871 Mirambo aliishambulia Tabora, nyumba nyingi zikateketea kwa moto, na vita vyake na Unyanyembe viliendelea kwa miaka. Alifariki tarehe 2 Desemba, 1884. Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, yeye aliiwasha baruti yake ajilipue pamoja nayo. Watemi wawili wakubwa, nchi zao jirani, wote mashujaa, wala hawakusimama pamoja kamwe. Leo kambi ya jeshi Tabora ina jina la Mirambo, na ni vizuri. Lakini mgeni akifika hupelekwa Kwihara kwenye tembe la Livingstone, lenye mlango wa kuchonga na vitu vya kutazama. Sina ugomvi na tembe hilo. Ni nyumba nzuri, na mafundi wake walikuwa watu wa hapa hapa. Lakini msimamishe mtoto yeyote sokoni umwulize Livingstone alilala wapi, halafu umwulize Isike alikufa wapi, usikie majibu.

Wako watakaosema: tukiyafufua hayo tutawasha moto. Hebu tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Baganda na Banyoro walipigana karne nzima. Waingereza walipoishinda Bunyoro waliwagawia Baganda sehemu ya nchi ile, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wafalme wa Bunyoro. Mnyoro akawa mgeni katika makaburi ya wafalme wake. Jambo hilo lilifunikwa kwa miaka 60 na zaidi, likivundika, mpaka kura ya tarehe 4 Novemba, 1964, iliporudisha Buyaga na Bugangaizi kwa Bunyoro. Kabaka, aliyekuwa Rais wa nchi, hakukubali, na ugomvi kati yake na Waziri Mkuu Obote ukazidi. Tarehe 24 Mei, 1966, majeshi ya serikali yaliushambulia mji wake wa Mengo. Kwa hiyo kunyamaza hakukuzima moto. Tena ajabu ni hii: Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda, maadui wa jana, walikamatwa na Waingereza pamoja mwaka 1899, wakapelekwa uhamishoni katika visiwa vile vile vya Shelisheli. Mwingereza aliwaona kuwa kitu kimoja kabla wao hawajajiona hivyo.

Sisi hapa tuna dawa yetu, nayo ni utani. Mngoni akifika kwenye msiba wa Mhehe hutania, hudai, huchekesha watu mpaka waliofiwa hufuta machozi; na chanzo cha utani huo ni zile zile vita. Wazee wetu hawakuisahau damu iliyomwagika. Waliikumbuka kila siku, lakini kwa namna ambayo haikumdhuru mtu. Basi wale wasiojua kusoma waliweza jambo ambalo sisi wenye vyeti tunaliogopa.

Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni, 1954. Gavana Twining alilileta kutoka Bremen, miaka 35 baada ya Mkataba wa Versailles kuwaamuru Wajerumani walirudishe kwa miezi sita. Aliyelipokea, Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, baadaye akawa Spika wa Bunge la nchi nzima. Na siku 18 tu baada ya sherehe ile, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa Dar es Salaam. Sidhani Gavana aliitazamia sherehe hiyo ya pili! Lakini tangu siku ile Kalenga haiwezi kuwa ya Wahehe peke yao, kama Bunge lisivyokuwa la ukoo wa Spika.

Kwa hiyo nayaomba matawi ya Iringa na ya Mbarali yafanye kazi, yasingoje barua kutoka makao makuu. Palipo na ukuta wa zamani, watu wasichukue mawe kujengea mabanda. Mwenyekiti wa kijiji ana uwezo wa kulizuia hilo leo hii bila shilingi moja. Wazee waandikwe maneno yao na walimu wetu, hasa majina ya milango ya mji, ya vita, na ya akina mama waliokimbia na watoto mgongoni, maana hao hawamo katika kitabu chochote. Tena waandikwe wa pande zote mbili. Aliyechomewa asimulie, na aliyechoma asimulie.

Na shule zibadilishane. Mwaka huu watoto wa Kihehe wasipelekwe Kalenga, wanaijua. Wapelekwe Utengule Usangu, wakae chini ya mti wamsikilize mzee wa Kisangu akieleza walivyofukuzwa na nani. Wiki ya pili watoto wa Usangu waende Kalenga walione fuvu lile ndani ya kioo. Nauli ya lori ni kazi ya kamati za vijana, na viazi vya njiani wazazi wataweza. Tawi litakalokuwa tayari liandike kwa Mhariri, mimi nitakuja kusaidia kupanga safari.