Kosa la sekunde tano, hasara ya msimu mzima

Mvua za kwanza zinapokaribia Ludewa, hela ya familia nyingi huwa imekaa sehemu moja: kwenye simu. Aliyeuza parachichi Njombe au mahindi Makambako amelipwa kwa simu. Hela ya mbegu, ya mbolea na ada ya Januari zote zinasubiri kwenye laini moja, na mara nyingi laini hiyo hiyo ndiyo inayotumika kubeti.

Wazazi wengi wanaujua mkeka wa mpira. Mtu anaupanga asubuhi, anasubiri mechi hadi usiku, ukichanika analala. Siku hizi kuna michezo ambayo haimpi mtu nafasi ya kusubiri. Kuna kindege kinachopaa na kutoweka kabla ya dakika kuisha, kuna sloti, na kuna poka, ule mchezo wa karata, kwa njia ya mtandao. Kwenye meza ya kawaida ya poka, watu hucheza karibu mizunguko 30 kwa saa. Kwenye poka ya kasi mtandaoni, mtu mmoja anaweza kupita mizunguko 200 kwa saa hiyo hiyo, na kila mara anapewa sekunde chache tu za kuamua.

Hapo ndipo makosa ya kizembe yanapozaliwa. Mtu anataka kuweka 2,000, kidole kinaongeza sifuri, inakuwa 20,000. Mtandao unaganda, anabonyeza tena, na ukirudi anaweza kukuta ameweka dau mara mbili. Mwingine amewasha dau la kujirudia lenyewe, akaitwa nje kumpokea mgeni, simu ikabaki inacheza.

Watu husema, "Hakuwa makini." Lakini ubongo unahitaji muda kukagua kile ambacho mkono unataka kufanya. Ukinyimwa muda huo, unafuata mazoea na hisia. Uchovu, usingizi na pombe huzidisha hali hiyo, na michezo hii huchezwa sana usiku, kitandani, watoto wakiwa wamelala.

Kosa kubwa zaidi huja baada ya lile la kwanza. Aliyepoteza 20,000 kwa bahati mbaya haoni kwamba ameliwa, anaona kuna hela yake ya kurudisha. Anapandisha dau na kucheza haraka zaidi. Kosa la kidole sasa limekuwa la moyo, na hapo ndipo hela ya mbolea inapoguswa.

Tufanye hesabu. Chukua mchezo unaorudisha kwa wastani shilingi 97 katika kila 100 zinazowekwa. Hasara ya shilingi 3 inaonekana ndogo. Lakini mtu akiweka 5,000 mara mbili kwa dakika, kwa saa moja ameweka jumla ya 600,000. Asilimia 3 yake ni 18,000, na hiyo ni kwa wastani, bila sifuri kuzidi wala dau kujirudia. Akicheza saa moja kila usiku kwa mwezi, wastani huo unafika 540,000. Kasi ndiyo inayokula, hata kwa mchezaji asiyekosea kitu.

Kwa hiyo usalama hautokani na ujanja wa kucheza. Njia yenye uhakika ni kutocheza. Anayeendelea afanye uamuzi kabla hajafungua simu, kichwa kikiwa kimetulia. Hela ya shamba na ada ihamishwe benki, au kwenye laini ambayo mwenzi wake anaishika. Aamue kiasi ambacho kikipotea hakuna atakayelala njaa, na kikiisha, basi. Kama kampuni inaruhusu kuweka ukomo wa hela kwa siku, auweke. Azime dau la kujirudia, asome tarakimu kwa sauti kabla ya kubonyeza, na asicheze amelewa au mtandao unaposumbua. Akikosea, azime simu hadi kesho. Haraka haraka haina baraka, na hapa haina hata chenji.

Kwa watoto, sheria iko wazi. Michezo ya kubahatisha nchini husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini mtoto anayeijua namba ya siri ya mama hahitaji kitambulisho. Badilisha namba hiyo, na usiiseme kwa sauti dukani ukiwa naye.

Angalia pia dalili nyumbani: hela inayopungua bila maelezo, mikopo ya simu isiyoisha, kukosa usingizi, hasira mtu akiulizwa salio, na uongo mdogo mdogo. Tangu 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautambua uraibu wa kamari kama tatizo la afya ya akili. Mhusika si mpumbavu wala hajarogwa. Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya, ambako anaweza kupewa rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Maneno ya kwanza ndani ya nyumba yana uzito. Ukimwambia mume au kijana wako, "Umetumaliza," atakwenda kurudisha hela kimya kimya, na atapoteza zaidi. Mwambie, "Tukae tuhesabu iliyobaki." Anayejua kwamba anaweza kusema ukweli leo, hana sababu ya kuifukuza hasara usiku wa manane.