Msimcheke anayesema "bado sijajua"

Leo nataka kugombana na watu ninaowaheshimu: wazee, walimu na waajiri. Tuna tabia mbaya. Kijana wa chuo akiulizwa atafanya kazi gani akimaliza, akajibu "bado sijajua", tunamtazama kama mgonjwa. "Mwaka wa pili huu! Wenzako wameshajipanga." Jamani, angejulia wapi?

Hebu tuifuate safari yake. Amemaliza kidato cha nne, ana miaka 16 au 17. Anaambiwa achague tahasusi: PCB, EGM, HGL, HKL. Herufi tatu tu, lakini zinafunga milango. Aliyechukua HKL, udaktari kwaheri. Na huyu mtoto hajawahi kuingia maabara ya hospitali wala kukaa siku moja kwenye ofisi ya mhasibu. Anachagua kwa alama alizopata, kwa rafiki anakokwenda, au kwa neno la mjomba mwenye sauti kubwa kwenye ukoo. Mwaka 2024 Bara walitangaza tahasusi mpya 49, jumla zikafika 65. Sawa, lakini kumwongezea mtu milango gizani si kumwashia taa.

Kisha inakuja ada. Bodi za mikopo zina fani za kipaumbele. Siwalaumu, nchi inahitaji walimu wa sayansi na wauguzi. Ila kijana ambaye kwao hakuna ada haulizi "napenda nini?" Anauliza "mkopo uko wapi?" Halafu deni ni lake. Kwa wakopaji wa bodi ya Bara, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Fani imechaguliwa na orodha, unayelipa ni wewe.

Matokeo yake ualimu tumeufanya jaa. Mara ngapi umesikia: "Nilikosa nilichotaka, basi nikachukua ualimu"? Na anayeumia si huyo kijana peke yake. Anaumia mtoto wa kidato cha kwanza kule Nungwi au Makunduchi, atakayefundishwa hesabu na mtu anayehesabu siku za kuondoka.

Chukwani ni mahali pazuri pa kulifikiria hili. Pana chuo kilichoanza mwaka 1998 kikiwa chuo cha elimu, na leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Wangapi wanaopita pale wanajua huyo Al-Sumait alikuwa nani? Alikuwa daktari wa Kuwait. Alisomea tiba, akafanya kazi hospitali, kisha akageukia kazi za hisani Afrika, na humo akamalizia sehemu kubwa ya maisha yake mpaka alipofariki mwaka 2013. Kwa kipimo chetu, huyu naye "hakujipanga".

Mwingine ni wa kwetu kabisa, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948. Alikwenda Uingereza akiwa kijana, akafanya kazi za chini hospitalini, akapata shahada ya ualimu mwaka 1976, akafundisha skuli ya sekondari Dover. Tuzo ya Nobel ya Fasihi ilimfikia mwaka 2021. Ule ualimu haukuwa jaa.

Najua jibu lenu: "Hao ni watu wa pekee. Mtoto wa maskini hana nafasi ya kujaribujaribu." Hoja nzito, naikubali. Ndiyo maana sisemi watu wahame fani kila muhula. Nasema maskini ndiye hasa wa kuonyeshwa kazi mapema, kwa sababu akikosea hana wa kumlipia ada mara ya pili.

Basi skuli ziwatoe watoto tangu kidato cha pili. Wakae siku chache bandarini Malindi, hospitali ya Mnazi Mmoja, mahakamani, hotelini, waone watu wanavyofanya kazi kutwa nzima. Vyuo na bodi za mikopo wamruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ahame fani mara moja bila kupoteza mkopo. Na nyinyi wazee, kabla ya kumwuliza mtoto atakuwa nani, mwambieni kazi yenu mnaifanyaje, pamoja na yale msiyoyapenda.

Na wewe uliye Chukwani, Tunguu au Mlimani na hujajua bado, usione haya. Lakini usikae tu ukingoja ufunuliwe. Likizo hii mtafute mtu anayefanya kazi unayoiwaza, mwombe umfuate siku mbili tatu. Huenda ukaipenda, huenda ukaikimbia. Vyote viwili ni faida, na ni rahisi kuliko kugundua ukiwa na miaka 40.

Nimemaliza. Anayetaka kubisha aje na hoja.