Mazungumzo ya Nyumbani: Makunyanzi ya Uso

Mwezi huu, wasomaji wapendwa, twataka kunena habari za makunyanzi ya uso. Huenda wengine watacheka, wakisema kwamba hilo si neno la kuandikwa katika gazeti la Wakristo. Walakini tumeona katika nyumba zetu wenyewe fedha ya ada ya shule ikinunua vikopo vya mafuta sokoni, ili mikunjo iliyo pembeni mwa macho iondoke. Kisha tumeziona nyuso zilizoharibiwa na mafuta hayo. Basi neno hili ni la nyumba, na lafaa lisemwe waziwazi.

Kwanza tujue makunyanzi ni nini. Chini ya ngozi ya juu iko ngozi ya ndani, nayo imeshikwa na nyuzi nyembamba sana. Ziko ziipazo nguvu, huitwa kolajeni. Na ziko zifanyazo kazi kama mpira, huitwa elastini. Umfinyapo mtoto shavu, larudi mara moja. Lakini ngozi ya mgongo wa mkono wa bibi yake, ukiivuta, yakawia kurudi. Kadiri miaka ipitavyo mwili hutengeneza nyuzi hizo chache zaidi, na mwanamke aliyekoma hedhi hupungukiwa upesi. Tena mafuta ya chini ya ngozi hupungua, na meno yakitoka mashavu huingia ndani. Hayo ni ya umri, wala hakuna awezaye kuyazuia.

Lakini sehemu kubwa ya makunyanzi haitoki kwa miaka, yatoka kwa jua. Atakaye ushahidi na atazame ngozi ya mzee ye yote upande wa ndani wa mkono wa juu, kisha aifananishe na ya shingo yake. Umri ni mmoja, ngozi ni mbili. Mwaka 2012 gazeti la madaktari wa Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapisha picha ya mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, ulioelekea dirisha, ulijaa makunyanzi mazito. Upande wa kuume ulikuwa kama wa ndugu yake mdogo. Maana kioo huzuia upepo na mvua, lakini iko miali ya jua isiyoonekana kwa macho ipitayo katika kioo, ikashuka mpaka kwenye nyuzi zile na kuziharibu. Mwalimu awezaye kuipata picha hiyo na awaonyeshe watoto. Yafundisha kuliko maneno yetu.

Sisi watu weusi tumepewa rangi katika ngozi, iitwayo melanini, nayo huzuia sehemu ya miali hiyo, hata makunyanzi hutukawilia kuliko Wazungu. Kukawia si kutofika. Na wenzetu wenye ualbino hawana kinga hiyo. Kwao jua laleta saratani ya ngozi, nayo huua. Mwalimu mwenye mtoto wa namna hii asimkalishe penye jua la dirisha, wala asimtume nje saa sita pasipo kofia. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao; wazazi na waulizie.

Tumbako nayo hubana mishipa ya damu ya ngozi na kupunguza kolajeni, hata midomo ya mvutaji huzungukwa na mikunjo. Twawakumbusha akina baba, kwa kuwa wako wamchekao mke huku sigara i mkononi.

Mama mmoja wa mtaa wetu aliambiwa na mumewe, mbele ya wageni, kwamba amezeeka. Hakujibu neno. Akaenda sokoni akanunua mkorogo, akajipaka kila usiku. Mwezi wa kwanza uso uling'aa, naye akafurahi. Baada ya mwaka ngozi ilikuwa nyembamba, nyekundu, yenye mishipa, na makunyanzi mengi kuliko ya kwanza. Akaacha kuja Mezani pa Bwana, kwa kuona haya. Sababu ni hii: mikorogo mingi ina dawa za steroidi, nazo hukondesha ngozi. Mingine ina hidrokwinoni, ambayo ikitumiwa miaka mingi huweza kuugeuza uso uwe na madoa meusi ya kibuluu. Mingine ina zebaki, iharibuyo mafigo. Na katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 mataifa yalipatana kuikomesha katika mafuta ya kung'arisha ngozi. Aliyekwisha kuzoea mkorogo na amwone daktari kwanza, maana akiacha ghafula uso huweza kuwaka kama moto. Na mumewe aende pamoja naye.

Kijana mmoja alituuliza kama neno "kunyanzi" katika Waefeso sura ya 5 lina maana kwamba makunyanzi ni ila mbele za Mungu. Tukamjibu, Mtume alinena habari za Kanisa. Hakuuhukumu uso wa bibi yako.

Dawa ya kweli ipo, ila ni ya hospitali. Yaitwa tretinoini, ya jamaa ya vitamini A. Hupakwa kidogo usiku, huwasha, hutaka miezi mingi, na mwenye mimba asiiguse. Sindano za botoksi, zilizoruhusiwa Marekani kwa mikunjo iliyo kati ya nyusi mwaka 2002, hulegeza misuli kwa miezi mitatu au minne, kisha mikunjo hurudi na fedha hairudi. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi kavu tu.

Kinga ndiyo rahisi. Huko Queensland, Australia, watu waliopaka mafuta ya kukinga jua kila siku kwa miaka minne na nusu hawakuonekana kuongeza uzee wa ngozi. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2013. Asiyeweza kuyanunua na alime kabla ya saa nne, arudi shambani baada ya saa kumi, na avae kofia pana. Akina mama wajuao kusuka ukili wausuke ukingo wake uwe wa vidole vinne, uzunguke pande zote, upate kufunika masikio na shingo pia.