Mizani ya Ushahidi Ianzie Darasani

Hakimu hawezi kumtia mtu hatiani kwa sababu mtaa mzima unaamini kwamba ni mwizi. Upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha shtaka pasipo kuacha shaka ya msingi, shahidi huhojiwa na upande wa pili, na kielelezo ambacho haijulikani kimepita mikononi mwa nani hutiliwa mashaka. Ulinzi huo tumempa mtu mmoja aliyesimama kizimbani. Lakini inapofika zamu ya kuamua juu ya maelfu ya watu, kama vile vijana wa eneo fulani wakamatwe katika msako, kifungo cha kosa fulani kirefushwe au dhamana izuiwe, tunaridhika na uvumi, na tukio moja lililotangazwa sana, au na asilimia ambayo hakuna aliyeuliza ilikopatikana. Hoja ya toleo hili ni kwamba udhaifu huo unalelewa chuoni. Mwanafunzi wa sheria, sosholojia, ustawi wa jamii au kriminolojia husomeshwa nadharia za uhalifu na adhabu kwa muda mrefu, kisha hukutana na mbinu za utafiti mwishoni, zikiwa sharti la kujaza sura ya tatu ya tasnifu. Sisi tunasema mbinu hizo ndizo sheria ya ushahidi kwa yeyote anayezungumzia uhalifu wa jamii nzima. Asiyezijua hajawa tayari kupendekeza adhabu kwa mtu yeyote.

Tuanze na idadi yenyewe. Ili tukio liingie katika takwimu za polisi, aliyetendewa lazima alitambue kuwa ni kosa, apate nauli ya kufika kituoni, aamini kwamba atasikilizwa, apewe RB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, na askari aliweke kosa hilo chini ya kifungu fulani cha sheria. Katika kila hatua kuna matukio yanayoachwa njiani. Adolphe Quetelet, mwanatakwimu wa Ubelgiji aliyechambua kumbukumbu za mahakama za Ufaransa katika miaka ya 1820 na 1830, alikwisha kuona kwamba makosa yanayojulikana ni sehemu tu ya makosa yanayotendeka, na kwamba tunaweza kuyalinganisha mwaka kwa mwaka ikiwa tu uwiano wa sehemu hiyo na jumla haubadiliki. Ni kwa sababu ya tatizo hilo Marekani ilianza, mwaka 1973, kuwauliza wananchi wenyewe katika kaya zao yaliyowapata, na Uingereza ikafuata mwaka 1982. Mwanafunzi aliyeelewa jambo hili hatashangilia wala kutaharuki anapoona mstari wa takwimu ukipanda. Atauliza kwanza kama kilichoongezeka ni uhalifu au ni ujasiri wa watu kuuripoti. Kituo kinapofungua dawati la jinsia na watoto na kuweka askari wanaosikiliza, kesi zinazoandikwa huenda zikaongezeka, na ongezeko hilo likawa dalili ya imani iliyorejea.

Tanzania ina mfano wake mkubwa wa njia hiyo ya kuwauliza watu wenyewe. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, Bara na Zanzibar, ambao Chuo Kikuu cha Muhimbili kilishiriki pamoja na UNICEF na taasisi ya Marekani ya udhibiti wa magonjwa, CDC. Watafiti waliwahoji faragha vijana zaidi ya 3,700 wenye umri wa miaka 13 hadi 24. Ripoti iliyotolewa mwaka 2011 ilionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana mmoja hivi kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao, na wavulana walio wengi, hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Hakuna daftari la kituo cha polisi ambalo lingeweza kutuonyesha ukubwa huo. Kilichouonyesha ni uamuzi wa kimbinu: nani amuulize nani, wapi, kwa maneno gani, na msaada gani uwe tayari kwa mtoto atakayefunguka. Swali lililotungwa vibaya lingeacha watoto hao katika ukimya uleule, na nchi ingeendelea kupanga bajeti kana kwamba hawapo.

Somo la pili ni la sababu na matokeo, na hapa ndipo tasnifu zetu zinapoteleza zaidi. Mtindo uliozoeleka ni kugawa hojaji, kuwauliza wakazi wanadhani nini kinasababisha uhalifu, kuhesabu majibu, kisha kuandika katika sura ya tano kwamba ukosefu wa ajira au malezi mabovu ndiyo chanzo. Kilichopimwa pale ni maoni ya watu kuhusu chanzo. Maoni hayo yana thamani yake, lakini hayathibitishi chanzo. Anayedhani tofauti hiyo ni ya kisomi tu aitazame Massachusetts, ambako mwaka 1939 ulianza mradi wa Cambridge-Somerville wa kuwakinga wavulana dhidi ya uhalifu. Wavulana 506 waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja likapewa washauri, masomo ya ziada na matibabu, na jingine likaachwa liendelee na maisha yake. Miaka 30 hivi baada ya mradi kumalizika, mtafiti Joan McCord aliwafuatilia. Wengi wa waliosaidiwa walisema mradi uliwafaa. Lakini McCord alipowalinganisha na wenzao, kama alivyoeleza mwaka 1978, hakupata nafuu yoyote katika uhalifu, na katika mambo kadhaa, yakiwemo ulevi na vifo vya mapema, waliosaidiwa walikuwa na hali mbaya zaidi. Bila kundi la kulinganisha, mradi ule ungesifiwa na kuigwa kwa nia njema kabisa, na madhara yake yangeigwa pamoja nao.

Wapo watakaosema kwamba mifano hii ni ya nchi zenye fedha, na kwamba kwetu hakuna data. Pingamizi hilo tunalipa uzito, kwa kuwa bajeti za utafiti vyuoni ni ndogo kweli. Hata hivyo, mchumi Edward Miguel alipochunguza mauaji ya wanawake wazee wanaotuhumiwa uchawi Usukumani, alikwenda katika vijiji 67 vya wilaya ya Meatu na kukusanya kwa viongozi wa vijiji kumbukumbu za mauaji na za hali ya mvua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko makubwa mauaji hayo yalikuwa mara mbili hivi ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakupanda namna hiyo. Imani ya uchawi ilikuwepo miaka yote, kwa hiyo peke yake haiwezi kueleza kwa nini bibi aliuawa mwaka huu na si mwaka jana. Njaa inaingia katika maelezo, na pensheni ya wazee inakuwa suala la kuzuia mauaji. Chanzo cha maarifa hayo kilikuwa serikali ya kijiji, ofisi ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifikia akiwa na barua ya utambulisho na kibali. Zaidi ya hapo, mahakama zetu zinaendesha kesi hadharani, na za mwanzo huziendesha kwa Kiswahili. Darasa zima linaweza kuketi humo kwa muhula mmoja likiandika ni kesi ngapi ziliahirishwa na kwa sababu gani, na ni mara ngapi ilielezwa kwamba upelelezi haujakamilika. Hukumu nyingi za mahakama za juu zinasomwa bure kupitia tovuti za TanzLII na Kenya Law, mradi mwanafunzi akumbuke kwamba kesi zilizofika huko si sampuli ya kesi zote: wengi hawakati rufaa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: utafiti wenyewe hujikanusha, basi askari au mwendesha mashtaka aliye kazini aufuate upi? Ni kweli. Katika jaribio la Minneapolis la mwaka 1981 na 1982, Lawrence Sherman na Richard Berk walipanga kwa bahati nasibu hatua ambayo polisi wangechukua dhidi ya watuhumiwa wa vipigo vya nyumbani, na waliokamatwa ndio waliorudia kwa uchache zaidi. Miji mingi ya Marekani ikafanya kukamata kuwa kanuni. Jaribio liliporudiwa katika miji mingine, majibu yalitofautiana, na huko Milwaukee ilionekana kwamba kuwakamata watuhumiwa wasio na ajira kulifuatiwa na vipigo zaidi. Hili halituambii tuutupe utafiti. Kilichofichua mpaka wa jibu la kwanza ni utafiti wa pili, na hakuna uzoefu wa kazini ambao ungeliona jambo hilo, kwa sababu askari hukutana na wale wanaorudi na haonani tena na wale walioacha. Mtu wa vitendo ndiye anayehitaji zaidi kujua ni lini matokeo ya mji mmoja yanaweza kusafiri hadi mji mwingine.

Wengine wanahofia kwamba takwimu zitamfuta mtu na mateso yake. Hofu hiyo inatukumbusha kwamba mahojiano ya kina, ushuhudiaji mahakamani na usomaji makini wa majalada ni mbinu kamili, zenye nidhamu sawa na hesabu. Namba za mwaka 2009 zilitoka kwa vijana walioketi na kuulizwa mmoja mmoja kwa staha. Nidhamu hiyo inabeba pia wajibu wa kimaadili. Mahabusu anayeombwa kujaza hojaji mbele ya askari magereza hana uhuru wa kukataa, na mtafiti anayeahidi siri asiyoweza kuilinda anamweka mtu hatarini. Mambo haya hayafundishiki kwa mhadhara mmoja kabla ya kwenda uwandani.

Kwa hiyo tunapendekeza mbinu za utafiti zianze mwaka wa kwanza, zifundishwe kwa kumbukumbu halisi za mahakama na vijiji vyetu, na zitahiniwe kwa kazi ya uwandani badala ya fasili za kukariri. Waandishi wa toleo hili tumewataka waeleze waziwazi walivyopata ushahidi wao na unapoishia. Msomaji naye tunamkabidhi wajibu uleule: kila anapokuta idadi katika kurasa hizi, aulize nani alihesabu, kwa njia gani, na nani hakuhesabiwa. Makala isiyoweza kujibu maswali hayo haikustahili kuchapishwa, na sera isiyoweza kuyajibu haistahili kumnyima mtu uhuru wake.