Pumu ya ngozi si uchafu, tujifunze kuitambua

Leo tuzungumzie maradhi ambayo yamo katika nyumba nyingi bila wenyewe kuyajua jina. Wengine huyaita ukurutu, wengine ekzema, na hospitalini mara nyingi utasikia pumu ya ngozi. Mtoto anajikuna usiku kucha, asubuhi shuka lina madoa ya damu, kisha mama anaambiwa na majirani kuwa hamuogeshi mwanawe vizuri. Kwetu Waislamu twahara ni sehemu ya ibada, kwa hiyo tuhuma ya uchafu inachoma. Mama huyo atachukua dodoki na sabuni ya magadi, amsugue mtoto asubuhi na jioni. Na hapo ndipo anapoyachochea maradhi yenyewe.

Ngozi nzima ni kama ukuta uliopigwa lipu. Ngozi ya mwenye pumu ya ngozi ina nyufa: maji yake yanapotea upesi, na vitu vya nje kama sabuni, vumbi na manukato vinapenya na kuiwasha. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, pamoja na wenzao walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa wamezaliwa na hitilafu katika protini inayosaidia kuujenga ukuta huo. Ndiyo maana maradhi haya hufuata ukoo, na mara nyingi katika ukoo huo utakuta pia pumu ya kifua au mafua ya mzio. Hayaambukizi. Mwalimu wa madrasa anayemtenga mtoto huyu na mkeka wa wenzake anamdhulumu bila sababu.

Sasa utayatambuaje? Anza na muwasho. Kama hakuna muwasho, kuna uwezekano mkubwa kuwa hayo ni maradhi mengine. Muwasho huu huzidi usiku na kwenye joto, na mtoto mdogo asiyejua kujikuna utamuona anasugua mashavu yake kwenye mto au kwenye kanga ya mama. Kisha angalia ukavu: ngozi inakwaruza ukiipapasa na kutoa magamba hata kama amepakwa mafuta asubuhi.

Baada ya hapo angalia mahali. Kwa mtoto mchanga huanza mashavuni, kwenye paji la uso na kichwani, na huweza kushuka mikononi na miguuni, ila sehemu inayofunikwa na nepi kwa kawaida husalimika. Akishakua, mara nyingi maradhi huhamia kwenye mikunjo: ndani ya kiwiko, nyuma ya goti, shingoni na kwenye vifundo vya mikono na miguu. Watu wazima huwapata zaidi mikononi, hasa wanaoshinda kwenye maji na sabuni kama wafua nguo na mama lishe. Na jambo jingine, maradhi haya huenda na kurudi. Yakitulia mwezi mmodi usidhani yamekwisha.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vingi vya afya havitutendei haki. Vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Utakachoona ni mabaka yaliyokolea kuliko ngozi nyingine, ya kahawia, ya zambarau au ya kijivu kama majivu, au vipele vidogo vigumu vilivyojipanga kwenye vinyweleo. Palipokunwa muda mrefu panakuwa panene na mistari ya ngozi inaonekana wazi. Yakipona huacha alama nyeusi au nyeupe ambazo huchukua miezi kutoka. Kwa hiyo usingoje wekundu.

Usiyachanganye pia na mengine. Upele wa vidudu hukaa baina ya vidole, kitovuni na sehemu za siri, na kwa kawaida zaidi ya mtu mmoja nyumbani wanawashwa. Choa hufanya duara lenye ukingo ulioinuka na katikati panaposafika. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu ya dawa. Madukani kuna tyubu zilizochanganya dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni, nasi tunainunua moja hiyo kwa kila kiwashacho. Choa kikipakwa steroidi hupoa kwa siku chache huku kinaenea chini kwa chini. Na steroidi kali ikipakwa usoni mwa mtoto kwa wiki nyingi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Sisemi steroidi ni sumu, la. Daktari akichagua yenye nguvu inayofaa na kutaja idadi ya siku, ndiyo dawa inayowasaidia wengi. Ninachokikataa ni kuichagua sisi wenyewe kaunta.

Nyumbani, muogeshe kwa maji ya uvuguvugu, dakika chache tu, kwa sabuni laini isiyo na manukato. Mfute kwa kumgusagusa bila kumsugua, kisha mpake mafuta ya mgando yasiyo na harufu ngozi ingali na unyevu. Mtu mzima afanye hivyo baada ya kila udhu, nako hakuchukui hata dakika mbili. Kwa ambaye daktari amemwambia maji yatamdhuru, sharia imeweka tayamamu, na mgonjwa ametajwa katika aya ya 6 ya Suratul Maida. Aulize wanazuoni wake. Imepokewa pia katika Sahihi za Bukhari na Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubeir bin Awwam (r.a.) kuvaa hariri kwa sababu ya muwasho, ilhali hariri ni haramu kwa wanaume. Muwasho ulihesabiwa kuwa udhuru. Nasi tunamwambia mtoto aache deko alale!

Ukiona usaha, maganda ya rangi ya asali au ngozi imekuwa ya moto na inauma, bakteria wameingia, mpeleke hospitali. Ukiona malengelenge madogo yanayofanana, yamekusanyika pamoja na yanauma, huku mtoto ana homa, huenda ni kirusi cha herpesi kimeingia kwenye ngozi hiyo. Hilo ni la dharura, hasa karibu na macho: nenda siku hiyo hiyo, na uchukue ile tyubu aliyokuwa akipakwa ili daktari aione.