Dereva wa lori si mhuni, waulize waliokwenda Kabul

Kama wiki imekuendea mrama, pole. Kama imekunyookea, usiringe sana, Jumatatu haiko mbali.

Leo nawaletea habari za malori. Najua akina dada mtakunja sura mseme, “Aaa, malori tena!” Tulieni, lenu liko mbele, tena zito. Maana pale mtaani kwetu kuna mzee mmoja amegoma kupokea posa ya kijana kwa sababu moja tu: kijana ni dereva wa malori ya kwenda Zambia. Mzee kasema hawezi kumpa mwanawe “mtu wa njia”. Kijiwe chetu kimegawanyika pande mbili. Wapo wanaompigia mzee makofi, na wapo tunaoona kachemka. Badala ya kubishana hivi hivi, nikaona tuwatazame jamaa waliofanya kazi hiyo hiyo kule Ulaya wakati njia zenyewe hazijafunguka.

Mwaka 1964, Waingereza wawili, Bob Paul na Michael Woodman, waliingiza gari barabarani kuelekea Kabul, Afghanistan. Gari lenyewe lilikuwa Guy Warrior, lori la kiwanda cha Wolverhampton lililotengenezwa kwa ajili ya barabara za Uingereza. Toka London hadi Kabul ni zaidi ya kilomita 7,000. Watu waliwaona vichaa. Mzigo wa mbali enzi zile ulikuwa wa meli, na wa mbali zaidi ulikuwa wa meli vilevile. Jamaa wakaenda, wakafika, na wakaendesha kampuni iliyoitwa Asian Transport, ambayo baadaye ikajulikana kwa kifupi kama Astran.

Sasa usidhani ilikuwa kukanyaga mafuta na kusikiliza muziki. Kabini nyingi za malori ya Kiingereza ya miaka ile hazikuwa na kitanda. Dereva alilaza ubao juu ya siti, akajikunyata hapo kama mkate kwenye bati. Asubuhi anaamka shingo imepinda, na safari bado wiki kadhaa. Ndiyo maana Waswidi walipoleta magari kama Volvo F88, lililotoka mwaka 1965, na Scania zao zenye kabini ya kulala na joto la uhakika, madereva wa masafa marefu waliyakimbilia ile mbaya.

Njia nayo ilikuwa na visa vyake. Unavuka bahari kwa kivuko, kwani bandari ya Dover ilikuwa imeshaanza mwaka 1953 kupakia magari yanayoingia kivukoni kwa tairi zake yenyewe. Ukifika ng'ambo unakutana na Ujerumani Magharibi, ambako vibali vya malori ya kigeni vilikuwa vya kuhesabu. Ukikosa kibali, lori linapandishwa juu ya treni nawe unakuwa abiria wa mzigo wako mwenyewe. Mbele yake Austria na milima yake, kisha Yugoslavia na ile barabara kuu ya Zagreb hadi Belgrade. Sehemu kubwa ilikuwa njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, malori, mabasi na magari ya wafanyakazi wa Kituruki wanaorudi likizo yakigombania lami. Wengi waliacha roho zao pale.

Belgrade walipumzika Hotel National, wakapeana habari: mpaka gani una foleni, wapi dizeli imeisha, nani kapinduka. Kituo kingine kikubwa kilikuwa Londra Camping mjini Istanbul. Hapo ndipo lilipokuwa gazeti lao, redio yao na baraza lao la wazee. Simu ya mkononi haikuwepo. Mke aliyeko Uingereza alijua mumewe yu hai akipata kadi ya posta, na kadi yenyewe imeandikwa wiki mbili nyuma!

Kabla ya Oktoba 1973, ukitaka kuvuka Bosphorus toka Ulaya kwenda Asia ulipanga foleni ya kivuko. Daraja la kwanza la Istanbul lilifunguliwa mwezi huo. Ukishavuka, kazi ndiyo inaanza. Mashariki ya Uturuki kuna mlima unaitwa Tahir, ambao madereva walikuwa wakiutaja kwa sauti ya chini. Njia ilikuwa ya udongo, kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mwamba na upande wa pili korongo. Wakati wa baridi inashuka theluji, tairi zinafungwa minyororo, na dizeli inaganda ndani ya tangi kama mafuta ya ng'ombe. Unajua walifanyaje? Waliwasha moto chini ya tangi! Ndiyo, moto, chini ya tangi la dizeli. Wengine walichanganya mafuta ya taa ili isigande. Hata unyevu ndani ya mipira ya breki za upepo uliganda, na hapo ukiteremka mlima breki zimegoma ujue unazungumza na Mungu wako moja kwa moja.

Utauliza, kilichowapeleka huko nini? Mshiko, ndugu yangu, lakini mshiko nao una sababu zake. Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita mwaka 1967 na haukufunguliwa mpaka 1975. Meli ya kutoka Ulaya kwenda Ghuba ilibidi iizunguke Afrika yote, ipite Cape, ipande hadi pwani yetu hii hii ndipo ifike. Halafu mwisho wa mwaka 1973 bei ya mafuta ikaruka. Pipa la kama dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Iran na nchi za Ghuba zikajaa pesa na kuagiza kila kitu kwa pamoja, bandari zao zikazidiwa. Meli zilitia nanga zikisubiri zamu kwa miezi. Lori likifika kwa wiki chache linaonekana malaika.

Ujanja mwingine ulikuwa wa makaratasi. Kuna kibao cha buluu chenye herufi nyeupe TIR. Hicho si pambo. Ni mpango uliosimamiwa na Umoja wa Mataifa chini ya mkataba wa mwaka 1959, ukaboreshwa mwaka 1975. Forodha ya mwanzo wa safari inakagua mzigo na kuupiga lakiri, na nchi za katikati hazifungui bali zinaangalia lakiri na kugonga mhuri. Mzigo ukiyeyuka njiani, kuna dhamana ya kulipa ushuru. Bila mpango huo lori lingefunguliwa na kupakuliwa kila mpaka, na tungekuwa bado tunawasubiri hadi leo.

Mwaka 1977, BBC ilionyesha filamu iitwayo Destination Doha, iliyowafuata madereva wa Astran toka Uingereza mpaka Qatar. Hapo ndipo raia wa kawaida walipoona kazi yenyewe: mchanga, foleni za mpaka, chai inayochemshwa pembeni ya gari. Sherehe haikudumu. Mapinduzi ya Iran yakaja mwaka 1979, vita ya Iran na Iraq ikaanza 1980, bandari za Ghuba zikapanuliwa, na makampuni ya Uturuki pamoja na Somat ya Bulgaria yakabeba mizigo kwa bei ya chini. Waingereza wengi wakageuza magari.

Na sisi huku tusijione watazamaji. Novemba 1965, Ian Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, njia ya Zambia ya kusini iliingia matatani. Mafuta ikabidi yapite Dar es Salaam. Malori yakapakia mapipa, yakapanda nayo hadi Zambia kwenye barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika, yakarudi na shaba. Wazungu waliokuwemo waliita njia ile ya Jehanamu. Bomba la mafuta lilikamilika mwaka 1968, lakini kabla yake nchi nzima ya Zambia ilikuwa imeegemea mikono ya madereva na matingo wao.

Sasa turudi kwa yule mzee. Hoja yake anasema kila mtu anaijua: dereva ana mke kila kituo. Sikatai, wapo. Hata makarani wapo wenye mke kila kituo cha daladala, tena wanalala nyumbani kila siku! Tabia haitoki kwenye usukani. Kinachotoka kwenye usukani ni kitu kingine, ambacho mzee angekipima angebadili mawazo. Dereva wa masafa marefu anaaminiwa gari na mzigo wenye thamani ya mtaa mzima, anakaa wiki tatu bila bosi kumwona, na anarudi navyo. Mtu wa namna hiyo unamwitaje mhuni?

Lakini nisiwe wakili wa upande mmoja. Wale wa Kabul na Doha waliacha wake zao wanalea peke yao, na wengine wao hawakurudi. Hilo ni deni la kweli, na dada anayeolewa na dereva analilipa yeye. Kwa hiyo sista, ukiposwa na mtu wa malori usiulize mshahara tu. Muulize analala wapi njiani, anaendesha saa ngapi bila kupumzika, na likitokea la kutokea nani atakupa habari. Akijibu kiroho safi bila kubabaika, huyo ana akili ya kuishi muda mrefu. Akicheka na kusema “mimi chuma bwana”, mwache aende zake, kwani hata chuma kwenye ule mlima wa Tahir kilikuwa kinapasuka.

Na mzee wangu wa mtaani, kama unanisoma: kochi unalokalia ukikataa posa halikuja kwa miguu. Mpe kijana nafasi ajieleze.

Panapo majaliwa, tukutane wiki ijayo.